Siku Baba Alipochagua Amplifaya

Mwezi uliopita nilikwenda na mwanangu dukani kununua amplifaya ya sebuleni. Kijana muuzaji, mpole na mwenye maneno mengi, alituunganishia tatu, moja baada ya nyingine, kisha kwa heshima ya umri akaniuliza mimi kwanza: "Mama, wewe unapenda besi itawale au trebo?" Nikamjibu pale pale bila kufikiri, "Trebo. Peleka mpaka mwisho." Alidhani namtania, lakini akapeleka, na sauti zote nyembamba zikatoka kali. Watu wawili waliokuwa wakichagua feni waligeuka kutazama, mwanangu akaziba sikio, na kutoka nyuma ya kile chombo ikanijia harufu ya vumbi lililopata moto wa umeme. Nikasimama katikati ya duka la watu machozi yakinitoka kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mwanangu alidhani nimepatwa na presha. Nilimwambia nitamweleza tukifika nyumbani, nikamweleza, na kwa kuwa najua nusu ataisahau, naandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, tunaojua kwamba zamani redio ilivalishwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua juu kama bibi harusi.

Nilikuwa na miaka minane mama alipougua kifua. Wakubwa walilitaja neno hilo kwa kunong'ona, na mimi nikadhani kifua kinamuuma tu, kama mtu anavyoumwa goti. Sikuelewa kwa nini goti la jirani halikumpeleka mtu hospitali ya mbali, wala kwa nini vikombe vya mama vilitengwa. Kaka yangu Hamisi, aliyenizidi miaka sita, alibaki Shinyanga na baba. Mimi nilipandishwa basi kwenda Kahama kwa bibi, mama yake baba, nikiwa na kikapu na maagizo ya kutolia. Mama alikaa hospitali miezi mingi akichomwa sindano kila siku iendayo kwa Mungu, mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, akakosa upande wa kulalia. Sindano hizo zilimponya. Naliweka hili mapema kwa sababu nitayasema mengine juu ya sindano hizo, na sitaki mtu adhani nazilaumu.

Bibi alikuwa mtu wa adabu mno. Wazazi wake walitoka pwani wakakaa Tabora kabla ya kuhamia Kahama, na yeye aliibeba adabu ya safari yote hiyo, hata kuku wake ukiwatazama waliingia bandani kwa zamu. Alinifundisha kwamba binti akimwamkia mkubwa hupiga magoti, huinamisha macho mpaka ayaone magoti yake mwenyewe, na sauti yake hutoka kiasi cha kumfikia anayeamkiwa tu, isimfikie jirani. "Sauti ya binti haiparamii ukuta, Zaituni," alikuwa akiniambia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba tayari, hata mwalimu wa Kahama aliwahi kusema kwamba nikisoma ni kama napiga mluzi. Bibi aliichukua sauti hiyo akaipunguza tena, na mwaka ulipokwisha watu wa mtaa walikuwa wakinisifu mbele ya watoto wao. Nilijiona nimehitimu.

Nilirudishwa nyumbani mama alipopata nafuu ya kweli. Siku ya kufika ilikuwa ya vigelegele na kukumbatiana, watu wamejaa uani, na sikumbuki nani alisema nini. Ninachokumbuka ni asubuhi yake. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchele, amekonda, mikono yake imekuwa mirefu kuliko nilivyoiacha. Nikamwendea nikiwa na hamu ya kumwonyesha nilivyokua. Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha macho, nikasema kwa ile sauti iliyosifiwa Kahama nzima, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nilikuwa nikiyaona magoti yangu na ncha ya mkeka, na nikazisikia punje za mchele zikisukumwa kwenye ungo. Nikasubiri. Nikasema tena, taratibu zaidi, nikidhani labda mara ya kwanza nilipaza. Punje ziliendelea kusukumwa. Nikanyanyuka nikaenda uani, nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Ninyi mliolelewa kama mimi mnajua maana yake. Mtoto anaweza kuchapwa na bado akawa mtoto wa nyumba ile, lakini mtoto anayepiga magoti akanyimwa marahaba hana pa kujishika. Kilichoniumiza zaidi ni Hamisi. Sauti yake ilikuwa imevunjika karibuni na ilitoka kama ya dume la ng'ombe. Alikuwa akipita mlangoni mbio, kiatu kimoja mkononi, anabwata "Shikamoo mama!" bila hata kugeuza uso, na mama anamjibu kwa furaha, "Marahaba, baba, usichelewe!" Mimi mwenye adabu napewa kisogo, huyu mhuni anaitwa baba.

Akili ya miaka tisa ilifanya hesabu zake. Niliona kwamba mama amekaa hospitali muda mrefu bila mimi, akazoea. Nilisikia kwamba sindano zinatoa ugonjwa mwilini, nikafikiri labda zile za kila siku zilitoa na vitu vingine, mimi nikiwemo. Sikumwambia mtu. Nilikunja kanga yangu ya kulalia na gauni mbili, nikaziweka kwenye kikapu chini ya kitanda, nikaamua kumwomba baba anirudishe Kahama moja kwa moja. Nilikuwa nasubiri tu siku ambayo baba atakuwa na furaha, maana baba akifurahi huwa hakatai kitu, na kila mtu nyumbani alijua siku hiyo itakuwa lini. Itakuwa siku ya amplifaya.

Baba aliuza vitambaa karibu na soko, lakini moyo wake ulikuwa kwenye santuri. Alikuwa nazo kabati zima, kila moja kwenye mfuko wake, na alizifuta kwa kipande cha hariri ambacho mama alikuwa haruhusiwi kukigusa. Chombo chake cha zamani kilikuwa kimeungua mama akiwa bado hospitali, na kwa mwaka mzima santuri zile zilikaa kabatini kimya. Fundi Masanja alikuwa amemwahidi kingine. Fundi huyu, Msukuma mnene mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake, aliwahi kuwa fundi umeme kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, na mgodi ulipofungwa alipata kuokota hiki na kile. Kimojawapo kilikuwa amplifaya ya klabu ya mgodini, ile ya aina ya zamani yenye taa za kioo ndani. Taa moja ilikuwa imekufa, na kuipata nyingine kulichukua muda mrefu kuliko ugonjwa wa mama. Kila Ijumaa baba akitoka msikitini alipitia kwa fundi kuitazama, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Taa ikapatikana. Na wiki hiyo hiyo, mpwa wa baba aliyekuwa akifanya biashara Mwanza akaleta amplifaya nyingine, mpya, nyembamba, ya transista, yenye uso wa fedha na vifundo vya kuzungusha vinavyong'aa. Akamwambia baba aijaribu, akiipenda abaki nayo. Baba alikwishachagua moyoni, lakini fundi alikataa kabisa kumkabidhi ile ya taa kabla ya kuzisikiliza zote mbili.

"Na si dukani kwangu," alisema. "Nyumbani kwako, kwa spika zako, kwenye mikeka yako na mapazia yako. Chombo kinachoimba vizuri kwangu kinaweza kukohoa kwako."

Basi Jumapili moja baada ya chakula cha mchana fundi akafika na mkokoteni. Alimkuta mama mlangoni, akamsalimia kwa Kisukuma kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Mwadila, mayu!" Mama akachangamka, "Mwadila, baba! Karibu ndani!" Mimi nilikuwa nimetoka kupiga magoti mara ya pili siku hiyo bila kuitikiwa. Nikaingia chumbani nikakagua kikapu changu kama bado kipo.

Sebule ilikuwa ndogo. Baba aliketi kwenye kiti chake, Hamisi sakafuni, mama kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mimi nyuma ya kiti cha baba nikisubiri afurahi. Fundi aliziweka amplifaya mbili juu ya meza, akatumia muda mrefu kusawazisha sauti zao, moja baada ya nyingine, mpaka Hamisi akaanza kupiga miayo.

"Lazima zilingane kwanza," fundi alimweleza. "Binadamu akisikia viwili, kile kinachopiga kelele zaidi ndicho anachokisifu, hata kama hakifai. Kwa hiyo tunaziweka sawa, ndiyo tunasikiliza tabia."

Santuri aliyoichagua baba ilikuwa ya ngoma ya Kisukuma, iliyorekodiwa uwanjani, na haikuchaguliwa kwa bahati. Mama kwao ni kijijini, mbele kidogo ya Ibadakuli, na babu mzaa mama alikuwa mchezaji wa ngoma wa kusifika. Mama alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kumfunga njuga miguuni kabla ya mashindano, kengele ndogo za chuma zilizoshonwa kwenye ngozi. Alizijua njuga kabla hajajua kuhesabu. Santuri hiyo baba aliinunua mama akiwa hospitali, na ilikuwa haijawahi kupigwa.

Ile ya taa ikatangulia. Fundi aliiacha ipate moto kwanza, na zile taa zikawaka polepole, rangi ya makaa yaliyofunikwa na majivu, na harufu ya vumbi linaloungua ikajaa sebuleni. Kisha ngoma ikaanza. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuwepo. Ngoma kubwa ilinigonga tumboni, na sauti za wanaume zikaingia zikakaa nasi, nzito, tulivu, hazina haraka. Baba alifumba macho. Nikauona uso wake ukilegea kama mtu aliyevua viatu baada ya safari.

"Hii sauti imeiva," alisema. "Fundi, imeiva."

"Imeiva kweli," fundi akakubali. "Hii unaweza kuisikiliza kutwa nzima usichoke. Ila mzee, inaficha. Vitu vidogo vidogo vinazama humo ndani kama nyama kwenye mchuzi mzito. Sasa sikiliza nduguye."

Akahamisha nyaya. Ya transista ikapiga santuri ile ile, na nilishtuka, maana waimbaji walikuwa kama watu wengine. Nilisikia fimbo ikigonga ukingo wa ngoma, nikasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuitikia, nikasikia mwanamke mmoja kwa mbali akipiga kigelegele. Na njuga zilijitenga, moja moja, nikaweza kusema hii ni ya mguu huu na ile ni ya mguu ule. Lakini nilisikia na mikwaruzo yote ya sindano ya santuri, na baada ya muda meno yalianza kunisisimka.

"Hii inakuonyesha kila kitu," alisema fundi, "mpaka ambacho hukuomba. Kwa taarabu za violini ni tamu, unasikia mpaka upinde unavyogeuka. Ila sikio linachoka. Kazi yangu mimi kama fundi ni kumtafutia mtu mahali pa katikati, panapomfaa yeye na nyumba yake. Kwa sikio lako wewe, mzee, mimi ningesema..."

"Ya taa," alisema baba, na uso wake ukang'aa. "Nilijua tangu zamani. Ya taa."

Nikajua saa yangu imefika. Nikazunguka kiti nikafungua mdomo, na baba, kwa uungwana wake, akageuka upande wa mlango wa jikoni. "Na wewe, mama Hamisi? Hii ni ngoma ya kwenu. Ipi imekupendeza?"

Mama alikuwa akitabasamu tabasamu la mgeni asiyetaka kumkera mwenyeji. "Zote nzuri," akasema. "Mimi naona zinafanana. Ila ni ngoma ya wapi hiyo, inachezwa bila njuga?"

Hamisi akacheka. Baba naye akacheka kidogo, akidhani ni utani wa Kisukuma. "Njuga si hizo zinatuumiza masikio?"

"Zipi?"

Fundi Masanja alikuwa ameinama juu ya nyaya. Akainuka taratibu akamtazama mama. Nakumbuka alijifuta mikono kwenye suruali kwanza. Kisha akamwomba, kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe, ageuze kigoda atazame ukuta, na akisikia njuga anyooshe mkono, hata zikiwa kwa mbali sana. Mama aligeuka. Fundi alianza na ile ya taa, akazungusha kifundo cha trebo mpaka kikagoma. Mkono wa mama ulikaa mapajani. Akahamia kwenye ya transista, akaanza kuzungusha kidogo kidogo. Njuga zikazidi, zikawa sindano. Hamisi akaziba masikio. Mikwaruzo ya santuri ikawa kama maandazi kwenye mafuta ya moto. Baba alishika mikono ya kiti chake. Mkono wa mama bado haujanyanyuka, mgongo wake mwembamba umetugeukia, na mimi niliogopa bila kujua naogopa nini.

Kifundo kilipofika mwisho kabisa, mkono ukapanda.

"Hizo," alisema mama. "Hizo hapo! Hizo ndizo!" Akageuka, uso umelowa. "Zilikuwa wapi siku zote hizi?"

Fundi akapunguza sauti. Alieleza polepole, akimtazama mama usoni ili aone mdomo. Kule Geita, alisema, wale waliokaa miaka kwenye mashine za kusaga mawe walikuwa hivyo hivyo. Ngoma wanasikia, gari wanasikia, mwanamume akizungumza wanasikia. Sauti nyembamba haziwafikii. Kengele ya baiskeli, ndege, mtoto mdogo, zote zinapita pembeni. Akasema amesikia kwamba na sindano za kifua humfanya mtu hivyo mara nyingine. "Sindano zimekuacha hai, mayu, ila zimechukua ushuru wake."

Mama alijishika sikio. Kisha akasema jambo ambalo baba hakulisahau mpaka anakufa. "Mimi nilidhani ni nyie mnanong'ona. Nimerudi, nakuta nyumba nzima inanong'ona. Nikasema, wamezoea kuishi bila mimi."

Pale nyuma ya kiti cha baba mimi nilikuwa nimesimama na kila kitu kikinigeukia kichwani. Kengele ya baiskeli. Ndege. Mtoto mdogo. Nilitaka kupiga magoti kama nilivyofundishwa, na magoti yakaanza kukunjika yenyewe, kisha yakakataa. Nikasimama wima, nikamtazama mama machoni, jambo ambalo lingemtoa bibi roho, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"SHIKAMOO, MAMA!"

Kuku waliruka uani. Nina hakika ilivuka ukuta ikafika kwa jirani na jirani wa jirani.

Mama alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza nashuka kwenye basi la Kahama. "Marahaba," akasema. "Marahaba, ng'wanone. Marahaba, mwanangu." Kisha akauliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu nyuma ya tangi la maji, "Mbona leo ndiyo unaniamkia?"

"Nakuamkia kila siku!" nilipiga kelele nikilia. "Kila siku! Wewe ndiye huitikii!"

"Unapiga magoti," alisema mama. "Nakuona unapiga magoti. Unatazama chini, nasubiri, sisikii kitu, kisha unaondoka umekasirika. Nikasema, huko Kahama wamemfundisha mtoto kunipigia magoti na kuninyima neno. Nikasema, labda wamemwambia mama yako ni mgonjwa, ni mtu wa shamba, usimsogelee." Alifunika uso kwa kanga. "Usiku nilikuwa nakuja kukutazama ukiwa umelala. Niliona kikapu chini ya kitanda. Nilijua unataka kwenda."

Sikumbuki nilivukaje sebule. Nakumbuka nilikuwa mapajani mwake, miguu yangu mirefu ikiburuta sakafuni, na nikimwambia mambo yote sikioni kwa kelele, na yeye akiitikia kila moja, hata yasiyohitaji kuitikiwa, "Marahaba, marahaba," mpaka Hamisi akatoka nje kwa aibu ya kijana aliyekaribia kulia.

Fundi Masanja alikusanya nyaya zake. Halafu akakohoa. "Basi, mzee. Niache ipi?"

Baba alinyanyuka. Akaenda mezani akaweka kiganja juu ya ile ya taa, iliyokuwa bado na moto, akakiacha hapo. Mwaka mzima wa Ijumaa ulikuwa chini ya kiganja kile.

"Ondoa hii," akasema. "Ondoa sasa hivi, fundi, kabla sijawa mtu mbaya."

Na hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyopata sauti kali kuliko zote Shinyanga. Kile kifundo cha trebo hakikurudi nyuma. Baba aliweka sheria mbili, akatutangazia mimi na Hamisi uani mama akiwa sokoni. Ya kwanza, hakuna kunong'ona katika nyumba hii. Ya pili, hakuna mtu kuziba masikio mbele ya mama yenu, kwa sababu akijua inatuumiza ataizima, namjua. Tukatii. Mchana wa Jumapili santuri ikapigwa, na sisi tukakaa wima kama tuko kanisani kwa majirani, meno yamekaza, tukitabasamu. Wageni walisogeza viti vyao kidogo kidogo mpaka wakajikuta barazani. Mama alipouliza kwa nini kila mgeni anakimbilia nje, baba alijibu kwa sauti kubwa, "Joto la Shinyanga, mama Hamisi! Wanatafuta upepo!"

Nashukuru kwa mambo mengi ya utoto wangu, lakini kwa hilo nashukuru kwa namna ya peke yake. Naishukuru ile dawa iliyoniachia mama, na ushuru wake wote. Namshukuru fundi aliyejua kwamba kazi yake ni masikio ya watu kabla ya kuwa nyaya. Hata bibi namshukuru, maana alinifundisha kupiga magoti kwa moyo, ingawa ilibidi sauti niifundishwe upya. Nikawa mwalimu, na katika miaka yangu yote hakuna mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyewahi kulalamika kwamba hanisikii. Baba namshukuru nikikosa maneno. Alikuwa mtu wa sauti zilizoiva, akaishi miaka yake iliyobaki ndani ya mikwaruzo, na sikuwahi kumsikia akiitaja ile ya taa.

Alipofariki, baada ya matanga, nilikaa na mama sebuleni tukipanga vitu vyake. Masikio yake yalikuwa yamepungua zaidi, ilibidi nizungumze naye karibu kabisa. Nikaona hakuna tena wa kuumia, nikamwambia. Nikamweleza sheria ya pili, na wageni, na upepo.

Mama alikuwa akifuta santuri kwa kile kitambaa cha hariri. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua," alisema. "Baba yako alikuwa anafumba jicho la kushoto. Kila njuga zikilia, linafumba lenyewe."

"Sasa mama! Ulijua, na hukupunguza?"

"Nipunguze ili iweje? Njuga zenyewe zilinichosha tangu wiki ile ya kwanza." Akarudisha santuri kwenye mfuko wake taratibu. "Nilikuwa nakaa pale namwangalia yeye."